Hakuna Kilichopatikana

Shavu la bibi harusi lilitoweka kwa mpigo mmoja wa kipanya. Bi Vumbi alikuwa amekusudia kuondoa mkwaruzo tu, mstari mwembamba uliotoka sikioni ukakatiza hadi puani. Akabonyeza, akaburuta, na pale palipokuwa na shavu pakabaki weupe mtupu. Akageuza kichwa pembeni kidogo, kama alivyozoea kufanya siku hizi ili aone vizuri, na hapo ndipo alipoona. Alikuwa ameshika kifutio badala ya brashi ya kuponya, na haikuwa mara ya kwanza wiki hizo.

"Mama," sauti ikasema nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka. Mwenye studio alimwita Bi Vumbi kama walivyomwita watu wote, kwa sababu kazi yake kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kutoa vumbi, mikunjo na madoa kwenye picha za zamani. Neno "mama" alilitoa siku za mambo mazito tu. Alilitoa siku baba yake, mwenye studio wa kwanza, alipofariki, na akalitoa tena siku paa la chumba cha nyuma lilipoanguka. Sasa alikuwa amesimama na kikombe cha chai, na bila shaka alikuwa amesimama hapo muda mrefu, maana alipokiweka mezani mkono wa Bi Vumbi ulikigusa ukakikuta kimepoa.

Nakala safi ya picha ilikuwapo, kwa hiyo bibi harusi alirudishiwa shavu lake. Siri ya Bi Vumbi, yenyewe, haikurudi ilikotoka. Ilibidi aseme, na akasema, huku akiongea na kikombe: kwamba katikati ya kila kitu alichokitazama palikuwa na doa la ukungu, kama pale mtu anapohema karibu na kioo; kwamba kandokando ya doa aliona kama kawaida; kwamba daktari wa macho alimwambia ugonjwa wenyewe hauna haraka, na pia hauna kurudi nyuma. Picha hazikumsumbua. Aliweza kuzikuza mpaka jicho la mtu likawa kubwa kama sahani. Kilichomshinda ni zana. Zilijipanga kushoto mwa skrini, vijipicha zaidi ya thelathini, na tangu programu ile ibadilishwe mwanzoni mwa mwaka vyote vilikuwa vimepewa rangi moja ya kijivu, tena vingine vimefichwa chini ya vingine.

Mwenye studio alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Bi Vumbi alikuwa amembeba mgongoni kabla hajaota meno. Alisema kaunta ya mbele ingemfaa, kupokea wateja, kuandika oda, kazi ya kukaa na kuzungumza. Bi Vumbi akasema yeye hajui kuzungumza na watu wanaojibu. Mwenye studio akacheka kidogo, kisha akasema wangoje mpaka Ijumaa. Kama kufikia Ijumaa angeweza kufanya kazi nzima bila kumwita mtu amtafutie zana, basi, yangekwisha. Kama sivyo, kiti kile kingepata mtu mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jioni alitembea kwenda nyumbani taratibu, akishika upande wa ukuta. Watu walimjia bila nyuso, na kila walipompita nyuso zao zikawarudia pembeni mwa jicho lake, zikatabasamu au zikanuna, zikaenda zao. Alishawazoea. Kuna siku aliona kwamba mji mzima ulikuwa picha moja ya zamani iliyoliwa na unyevu katikati, na yeye tu ndiye aliyeachiwa aitengeneze. Jumatatu ile hakuona raha yoyote katika wazo hilo. Aliogopa, na aliogopa sawasawa, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Nyumbani alikaa na binti wa mdogo wake, mwalimu wa kompyuta, msichana mwenye maneno machache na kucha zilizopakwa rangi nyekundu wakati wote. Bi Vumbi alimweleza yote, hata habari ya shavu. Binti hakumpa pole. Aliendelea kukunja nguo alizotoa kwenye kamba, akakunja mbili, tatu, ndipo akauliza.

"Lakini, mama mkubwa, kwa nini unazitafuta kwa macho?"

Usiku kucha swali hilo lilikuwa likizunguka na Bi Vumbi katika usingizi.

Jumanne, baada ya vipindi vyake, binti alifika studio, akavuta kigoda, akamshika mama yake mkubwa kidole cha mkono wa kulia na kukipeleka kwenye kitufe cha mstari wa mshazari karibu na ukingo wa kibodi. Akamwambia kinaitwa mkwaju.

"Mkwaju wa kula au wa kuchapia?"

"Wa kuandika. Bonyeza."

Katikati ya skrini kikafunguka kisanduku cheupe, kirefu, chembamba. Binti alikuwa amekwisha kuyakuza maandishi yake hadi yakawa makubwa kama ya bango la dukani. Akasema kumbe kilikuwapo siku zote: unaandika jina la zana, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na zana inakuja yenyewe mkononi. Hakuna haja ya kuitafuta kushoto wala kulia. Bi Vumbi akamtazama, yaani akatazama sikio lake ili aone uso. Akakohoa. Akaandika herufi moja moja: *shemeji*.

Hakuna kilichopatikana, kisanduku kikajibu.

Akaandika *onja*. Hakuna kilichopatikana. Akaandika *asubuhi*, akaandika *mjuaji*, na kila mara jibu likawa lilelile, la heshima na la kukata.

"Shemeji ni zana gani?" binti akauliza polepole.

Bi Vumbi aliona aibu, maana majina yale hakuwahi kumtajia mtu. Ni ile brashi ya kuponya, akasema. Unaigusisha ngozi iliyo nzima, kisha unaipitisha juu ya mkwaruzo, nayo inajifananisha na pande zote mbili mpaka hujui tena palikuwa na ufa. Hakuzaliwa mle, lakini baada ya muda humtofautishi na wenye nyumba. Basi si shemeji huyo? Onja ni ile inayochovya rangi mahali ili uijue. Asubuhi ni ile inayotia mwanga, na Jioni ni ile inayotia giza. Mjuaji ni ile ambayo ukiigusisha pahali pamoja inajichagulia yenyewe eneo lote, ikidhani imekuelewa, na nusu ya siku huwa imekosea.

Binti alicheka mpaka akashika meza. Kisha akafungua orodha ya majina ambayo programu yenyewe iliyajua, akamsomea. Aliyeitafsiri bila shaka alikuwa na moyo mwema na kamusi nene, ila hakuwahi kusafisha picha ya marehemu wa mtu. Ile ya kutia mwanga aliiita Kwepa. Ile ya kutia giza, Unguza. Mjuaji alikuwa Fimbo ya Mchawi. Ile kamba ya kuzungushia kitu ili ukitoe peke yake, ambayo Bi Vumbi aliijua kama Kamba ya Mbuzi, iliitwa Kitanzi.

"Siandiki neno hilo mbele ya picha ya mtu," Bi Vumbi akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini binti alimjua. Lilikuwa neno la mwisho. Mashine ya kuchapa ilikuwa ikilia chumba cha pili, na jua la alasiri lilikuwa limefika mezani na kusimama juu ya mikono yao. Bi Vumbi akajikuta akisimulia habari za chumba cha giza.

Alianza kazi akiwa msichana, akasema, siku ambazo picha bado ziliogeshwa kwenye maji ya dawa. Mzee wa studio alimfungia mlango, akazima taa, akamwambia atafute chupa ya pili. Chupa zilikuwa na vibandiko vizuri tu, lakini vibandiko vina faida gani gizani? Kila chupa ilikuwa na mahali pake, na kila moja ilikuwa na jina alilolitunga mzee mwenyewe. Mkali, kwa sababu ya harufu. Mvivu, kwa sababu ya kuchelewa. Mama Mkwe, ile ambayo hukuthubutu kuisogeza. Baada ya mwezi mmoja mkono wa Bi Vumbi ulikuwa unajua wenyewe. Aliusikia ukienda, hewani, bila yeye, na uso wa mtu ukianza kupanda kutoka kwenye karatasi chini ya maji, kwanza nyusi, kisha macho. Wakati mwingine aliota bado yumo humo ndani.

Binti akavuta kibodi upande wake. Majina yote ya zana, akaeleza baadaye, yalikaa kwenye faili moja kama majina ya wanafunzi katika daftari la mahudhurio, na mtu aliyejua pa kufungua angeweza kuandika jina la pili mbele ya lile la kwanza.

"Nitajie," akasema. "Moja moja. Hata yale ya kuchekesha."

Ndivyo walivyofanya Jumanne ile, na tena Jumatano baada ya vipindi. Bi Vumbi alitaja, binti akaandika. Mvuke. Wembe. Sogea Karibu. Kitufe cha kufuta kosa alikwisha kukizoea, naye alikiita Samahani. Zana nyingine hazikuwa na jina kabisa, mkono tu ndio uliozijua, ikabidi afumbe macho na kuusikiliza mkono. Kisha wakagundua kwamba hakuhitaji kuandika neno zima: mkwaju, *sh*, ingiza, na Shemeji huyo. Mkwaju, *on*, ingiza. Binti alidondosha tone la rangi ya kucha juu ya kitufe cha mkwaju, likakauka likawa upele mgumu mwekundu, ili kidole kikipapasa kikijue. Kufikia Alhamisi adhuhuri Bi Vumbi aliweza kuziita zana kumi na tisa bila kutazama kushoto hata mara moja, na midomo ilikuwa ikimcheza kama mtu anayesali.

Palikuwa na tatizo moja. Paka, brashi ya kupakia rangi, na Pacha, ile inayochukua kipande cha picha na kukirudia vilevile mahali pengine, majina yote mawili yalianza na *pa*. Ukiandika herufi mbili tu na kubonyeza, Pacha ndiye aliyekuja, kwa sababu ndiye wa kwanza kwa alfabeti. Binti alishauri wambadilishe mmoja jina. Bi Vumbi akakataa katakata. Pacha ni pacha, akasema, na kupaka ni kupaka. Ataongeza herufi ya tatu, hawezi kushindwa na herufi moja.

Alasiri hiyohiyo mafundi walileta stuli ndefu na kuiweka nyuma ya kaunta ya mbele. Mwenye studio mwenyewe alikwenda sokoni akarudi na mto wa kukalia, wa bluu, mnene, akauweka juu ya stuli na kuubonyezabonyeza kwa kiganja. Hakumwonyesha mtu. Bi Vumbi aliuona kwa pembe ya jicho, na moyo ukamshuka. Mto ule ulinunuliwa kwa upendo, na hilo ndilo lililomuumiza.

Ijumaa asubuhi aliingia mama mmoja wa makamo ya Bi Vumbi, amebeba mkoba wa kijani. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha ndogo ya wasichana wawili wamesimama kando ya baiskeli, magauni yao ya kitambaa kimoja. Wa kushoto, mrefu, alikuwa yeye. Wa kulia alikuwa mdogo wake, na uso wake haukuwapo. Paa lilivuja, maji yakaula kuanzia paji hadi juu ya midomo, yakaacha kidevu na sikio moja. Mdogo mtu alizikwa mwezi uliopita.

Mwenye studio aliuliza kwa upole kama hakuna picha nyingine ya kuangalizia.

"Za uzeeni ninazo tele," mama yule akasema. "Huyu wa baiskeli ndiye sina."

Mwenye studio akamtazama Bi Vumbi, na Bi Vumbi akaelewa kwamba kazi yake ya Ijumaa ilikuwa imefika. Akamwomba mama yule akae karibu naye, kwenye kigoda cha binti, kwa sababu ingebidi amweleze. Mwenye studio akabaki mlangoni, mikono kifuani.

Kazi ilianza vizuri. Mkwaju, *sh*, na Shemeji akapita juu ya mikwaruzo ya anga na ya ukuta. Mkwaju, *as*, na Asubuhi ikashuka juu ya mikono ya wasichana, ikawatoa kwenye kivuli. Dada mkubwa alikuwa na doa juu ya nyusi, Pacha akalifunika kwa ngozi ya jirani. Saa zikaenda. Mama yule alisimulia kidogokidogo kuhusu baiskeli, kwamba haikuwa yao, kwamba walilipa embe mbili ili waiegemee. Bi Vumbi alimsikia kwa mbali. Vidole vilikuwa vikienda vyenyewe, na zana zilimjia moja baada ya nyingine kila alipoziita, na kwa muda akawa yumo tena ndani ya chumba cha giza, maji ya dawa yakigonga ukingo wa sinia, akingoja nyusi zipande.

Akafika usoni. Akaonja rangi ya kidevu kilichosalia. Mkwaju, *pa*, ingiza, akavuta mkono.

Chini ya mkono wake likafunguka jicho.

Aliligundua kwa kuchelewa, alipogeuza kichwa. Herufi ya tatu ilikuwa imemponyoka. Pacha alikuwa amekwenda pale alipoelekezwa mara ya mwisho, karibu na nyusi za dada mkubwa, akachukua jicho zima na kulipanda katika uso usiokuwapo. Mlangoni mwenye studio akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Hapo umeniweka mimi," mama yule akasema taratibu.

Kidole cha Bi Vumbi kilikuwa tayari juu ya Samahani. Hakukibonyeza. Jicho lile lilimtazama kutoka kwenye uso mtupu, jicho zuri, la ukoo uleule, ila halikuwa mahali pake. Akamgeukia mama yule. Akaliweka doa la ukungu juu ya sikio lake, kama alivyofanya kwa kila mtu, ili uso umjie pembeni.

"Yeye alikuwa akitazamaje, dada?"

Mama yule alifikiri. "Hakuwa anamtazama mtu machoni. Mama yetu alimgombeza sana kwa hilo. Unaongea naye, yeye anaangalia hapa." Akajigusa sikio. Mkono ukiwa bado sikioni, sauti ikambadilika. "Kama wewe unavyonitazama sasa hivi."

Bi Vumbi alihisi joto likimpanda shingoni, maana alitajwa hivyo mbele ya mwenye studio, waziwazi, jambo alilolificha mwaka mzima hadi Jumatatu ile. Akapiga moyo konde. Akaigeukia skrini. Mkwaju, *p*, *a*, *k*. Paka akaja, mwembamba, mtiifu. Bi Vumbi hakulifuta lile jicho la kuazima. Aliisogeza mboni tu, kidogo kidogo, kutoka katikati kuelekea pembe, akaacha weupe upande wa pili, kama alivyojua yeye kutoka ndani jinsi jicho linavyokaa likimtafuta mtu kwa kumkwepa. Akapunguza ukope. Akaleta jicho la pili. Alitazama pembeni mwa picha muda wote, kwenye gurudumu la baiskeli, na uso ule ukawa unapanda kwenye ukingo wa macho yake, kama zamani chini ya maji.

Mama yule aliweka mkoba sakafuni.

"Ndiye," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Ndiye huyo. Anaangalia sikio langu."

Bi Vumbi hakuthubutu kugeuka mlangoni. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu, na kutoka chumba cha mbele alimsikia mwenye studio akipenga kamasi kwa kelele, akimwambia mtu fulani kwamba vumbi la humu ndani limezidi.

Ijumaa ile ilipita bila mwenye studio kusema kitu, na Jumamosi nayo. Jumapili binti aliuliza mara mbili kama kiti kimebaki chake, na mara zote mbili Bi Vumbi alimwambia aangalie chungu jikoni.

Jumatatu alifika mapema. Akapapasa kiti chake kabla ya kukaa, kama alivyopapasa kila kitu siku hizi, na mkono ukazama katika kitu laini. Alikaa juu yake kwa uangalifu. Mbele, nyuma ya kaunta, stuli ndefu ilisimama uchi wa mbao zake, na mwenye studio alikuwa amesimama kando yake akiandika oda ya mteja kwa mwandiko wake mbaya, hamtazami.

Mto ulimnyanyua kwa upana wa vidole vitatu. Kutoka hapo skrini ilikuwa chini kidogo kuliko alivyoizoea, na mwanga wa dirisha ulimfikia kutoka upande mpya. Akaweka kidole juu ya upele mwekundu, akabonyeza. Kisanduku kikafunguka, cheupe, mstari mdogo ukipepesa ndani yake. Bi Vumbi akatazama nyuma yake kama kuna mtu. Kisha akaandika, herufi moja moja: *macho*.

Hakuna kilichopatikana.

Akacheka peke yake, kimyakimya, mabega yakimtikisika. Akafuta. Akaandika *on*, na Onja akaja.